Njia Zilizozama: Somo kutoka Nkoroi

Ndugu msomaji, mwezi huu tutaacha kidogo habari za mbolea na chanjo, tusome habari za njia. Huenda ukauliza, njia na kilimo vina udugu gani? Vina udugu mkubwa, nami niliujua kwa hasara ya mtu mwingine.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na watu wakija na maswali madogo wakati Bwana Shamba yuko nje, mara nyingi hujibu mimi. Mwaka 2023 alikuja bwana mmoja aliyenunua robo ekari huko Nkoroi, upande wa barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian. Aliniambia ya kwamba kiwanja chake kimekatwa katikati na mfereji mkavu, upana wake hatua nne, kina chake chafika kiunoni, nao umeota nyasi na vichaka vya leleshwa. Aliuliza afanye nini. Mimi sikwenda kutazama. Nilimjibu pale pale mezani, "Ujaze maramu, ushindilie vizuri, kisha upande mahindi." Akashukuru, akaenda zake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mvua kubwa ilinyesha katika sehemu nyingi za Kenya. Usiku mmoja maji yaliteremka Nkoroi yakifuata ule mfereji kama kawaida yake, yakaukuta umezibwa. Yakapinda upande, yakaingia katika boma la mama mmoja mzee aliye jirani. Yalichukua jiko lake, kuku zake zote, na magunia mawili ya mahindi. Mjukuu wake wa miaka minne alitolewa kwa dirisha.

Asubuhi nilikwenda. Yule mama hakunigombeza. Alinyoosha fimbo yake tu, akasema, "Mwanangu, huu si mfereji. Hii ni njia. Ng'ombe za baba mkwe wangu zilipita hapa kwenda mtoni kabla mimi sijaolewa. Mvua ikinyesha, maji nayo hupita njia ya ng'ombe. Mlipoifunga, mlitaka yapite wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma juu ya njia hizi, na haya ndiyo niliyojifunza.

JINSI NJIA INAVYOZAMA

Njia ya namna hii haikuchimbwa na mtu kwa jembe. Ilifanywa na vitu viwili vikisaidiana, yaani kwato na maji.

Kwanza kwato. Ng'ombe mkubwa ana uzito wa kilo mia tatu au zaidi, na uzito huo wote huwekwa juu ya kwato nne ndogo. Tena ng'ombe wakienda mtoni hupenda kufuatana, huyu nyuma ya yule, mahali pale pale kila siku. Nyasi hufa, mizizi hukatika, udongo wa juu husagika ukawa vumbi, na udongo wa chini hushindiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu.

Pili maji. Udongo ulioshindiliwa hauwezi kunywa maji upesi. Kwa hiyo mvua inaponyesha, maji hukimbia juu yake, nayo huchukua lile vumbi lililosagwa wakati wa kiangazi. Kiangazi kingine kwato husaga tena, na mvua nyingine huchukua tena. Hivyo njia hushuka kidogo kidogo, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyozidi kukusanya maji ya pande zote mbili.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya ekari moja, maji yake ni kama lita laki moja, yaani mapipa mia tano ya lita mia mbili. Hata kama nusu yake itanywewa na ardhi, bado mapipa mia mbili na hamsini yatatafuta pa kupita. Hiyo ni ekari moja tu. Je, ekari kumi zilizo juu ya boma lako?

Tuchukue hesabu nyingine. Kama njia ina upana wa mita moja na urefu wa mita mia, ikipoteza sentimita moja tu ya udongo kwa mwaka, huo ni ujazo wa mita moja mraba kwa kimo cha mita moja, na mzigo wa mikokoteni kadhaa. Kwa miaka hamsini njia itakuwa imezama nusu mita. Basi njia iliyofika kiunoni si kazi ya jana.

Njia ikizama mno, ama ikijaa tope, ng'ombe huiacha na kufungua nyingine kando yake. Ndiyo sababu mara nyingi utaona mifuo mitatu au minne imelala sambamba kama vidole vya mkono, mmoja una kina, mwingine umeanza tu.

Tena ardhi hazifanani. Katika tambarare za Kitengela, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, nchi ni sawa na maji hayakimbii sana. Njia hupanuka kuliko kuzama. Bali mahali penye mteremko na udongo mwekundu, njia huzama upesi.

KWA NINI NI NYINGI KAJIADO

Nchi hii ni nchi ya kwenda na kurudi. Wamaasai walipeleka mifugo tambarare wakati wa mvua, nyasi zilipokuwa mpya na maji ya vidimbwi yalipatikana. Kiangazi kilipokaza walirudi penye maji ya kudumu na malisho ya vilimani. Wanyama wa porini nao hufanya hivyo: nyumbu na punda milia walikuwa wakitoka tambarare za Kitengela na Kaputiei wakati wa kiangazi kuja upande wa mto Mbagathi, katika nchi ambayo tangu mwaka 1946 ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Upande wa kusini wa mbuga ile uliachwa bila ua kwa sababu hiyo.

Jina la Ngong lenyewe ni habari ya maji. Latokana na maneno ya Kimaasai Enkong'u e Mpakasi, maana yake jicho la mto Mbagathi, yaani chemchemi yake. Watu wa misafara kutoka pwani walilitamka Ngongo Bagas, nao walipumzika hapo kutafuta chakula kabla ya kuendelea bara. Mskoti Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883 pamoja na wapagazi wake. Kwa hiyo njia za mifugo na njia za wasafiri zilikutana katika sehemu hizi hizi, zote zikitafuta maji.

Mambo mengi yamebadilisha mwendo huo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno. Mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 kati ya serikali ya Kiingereza na Wamaasai yaliondoa watu na mifugo katika Bonde la Ufa na Laikipia, wakawekwa katika hifadhi ya kusini. Reli ya Magadi, iliyomalizika mwaka 1915, ilikata nchi ya Kajiado. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya ranchi za vikundi. Na tangu miaka ya 1980 ranchi nyingi zimegawanywa, kila mtu akapata hati yake, na wengine wakauza vipande vidogo vidogo.

Mpima ardhi huvuta mstari ulionyooka. Ng'ombe hawakutembea kwa mstari ulionyooka. Basi njia moja ya zamani yaweza kupita katika viwanja ishirini vya watu ishirini, na wote wasijue ya kuwa wana kitu kimoja.

ISHARA ZA KUITAMBUA NJIA YA ZAMANI

Kabla hujanunua, hujajenga wala hujalima, tazama ishara hizi:

1. Uende asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Bonde dogo lisiloonekana saa sita mchana hutupa kivuli saa kumi na mbili, ukaliona wazi kama mkunjo wa nguo.

2. Tazama nyasi mwezi wa Juni na Julai. Nyasi za kando zikianza kukauka, zilizo ndani ya njia ya zamani mara nyingi hubaki kijani siku nyingi zaidi, kwa sababu maji na udongo mwororo vilikusanyika humo.

3. Tazama mizizi ya miti iliyo ukingoni. Kama mti mzee una mizizi iliyo hewani, pima toka pale mizizi inapoanzia hadi chini. Kipimo hicho chakuonyesha udongo uliokwenda tangu mti ulipoota.

4. Tazama mawe, hasa kwenye kivuko na mahali pembamba. Mawe yaliyopitiwa na kwato miaka mingi hulainika juu na pembeni.

5. Uliza njia yatoka wapi na yaenda wapi. Hii ndiyo ishara kubwa kuliko zote. Korongo la maji hufuata mahali pa chini tu. Njia ina nia: huenda kwenye kivuko, chemchemi, udongo wa chumvi au pengo la mlima, na ili kufika huko huweza kukata mteremko upande upande.

6. Uliza wazee, lakini usiulize "mwaka gani?" Uliza rika. Mzee wa rika la Iseuri aweza kukumbuka njia ilivyokuwa wakati wa ujana wake, na wakati wa baba zake. Linganisha maneno ya wazee wawili au watatu.

7. Tazama picha zilizopigwa kutoka juu. Siku hizi hata simu huonyesha picha za setilaiti. Njia ambayo miguu haiioni, jicho lililo juu huiona, kwa kuwa rangi ya nyasi hufanya mstari mrefu.

Ishara moja haitoshi. Zikipatikana tatu au nne pamoja, uamini.

TUSIKOSEE

Si kila shimo ni njia, wala si kila njia ni ya kale. Sehemu za Rongai zina machimbo ya mawe ya kujengea, na chimbo lililoachwa huota nyasi upesi. Tena nchi yetu iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, penye nyufa kubwa za ardhi ambazo si kazi ya ng'ombe wala ya binadamu.

Hata wataalamu wamekosea. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya kuna mashimo mengi ya mviringo, na watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Zipo pia alama za mitaro, matuta na njia za zamani. Mwaka 1933 mtaalamu Mwingereza G. W. B. Huntingford aliandika ya kwamba kazi hizo zilifanywa na taifa la kale lililotoweka, akaliita la Azania. Baadaye, katika miaka ya 1960, J. E. G. Sutton alichunguza na kuonyesha ya kuwa mashimo yale yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni mwa zizi. Yalitumiwa na wafugaji wa nchi hiyo hiyo kuanzia karne ya 12 au ya 13 hadi ya 18. Hapakuwa na taifa la ajabu lililopotea. Walikuwa watu wenye ng'ombe, waliokuwa na shida ya wezi na ya baridi kama wafugaji wengine. Ukitaka kuona mashimo hayo, yapo Hyrax Hill karibu na Nakuru, mahali ambapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938.

Yapo pia mahandaki yaliyochimbwa kwa kusudi. Huko Bigo bya Mugenyi nchini Uganda, karibu na mto Katonga, kuna mitaro ya ulinzi ambayo urefu wake wote wapita kilometa kumi. Mtaro uliochimbwa una tuta la udongo uliotupwa kando yake. Njia ya ng'ombe haina tuta hilo, maana udongo wake ulikwenda na maji. Kumbuka tofauti hiyo.

Na mambo haya si ya kwetu peke yetu. Kaskazini mashariki ya Syria kuna njia zilizozama zinazotoka katika vilima vya miji ya kale kama miale ya jua, zilizofanywa na miguu ya watu na mifugo zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Leo ukisimama juu yake waweza usione kitu. Zilitambulika vizuri sana katika picha za setilaiti za Marekani za miaka ya 1960, zilizokuwa siri hadi mwaka 1995. Basi ikiwa kwato zaweza kuacha alama ya miaka elfu nne, lori tatu za maramu haziwezi kuifuta kwa siku moja.

AFANYE NINI MWENYE SHAMBA

Ukiisha kuitambua njia iliyozama katika shamba lako, fuata mashauri haya:

1. Usiizibe. Usijenge nyumba, choo wala jiko ndani yake. Maji ya zamani hukumbuka njia.

2. Usiilime. Jembe likipita humo, mvua moja yaweza kufanya korongo.

3. Tuliza maji kwa mabwawa madogo ya mawe. Kila bwawa lisipite kimo cha magoti. Chimba msingi wa sentimita 30 chini, na uingize mawe ndani ya kingo za pande zote mbili, ili maji yasipite ubavuni. Katikati pawe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo. Chini ya bwawa tandaza mawe, yasije maji yakachimba yanapoanguka.

4. Pima nafasi baina ya bwawa na bwawa. Kanuni yake ni hii: mahali pa kupitia maji pa bwawa la chini pawe sawasawa na mguu wa bwawa la juu. Kwa mfano, kama njia yashuka mita 5 katika kila mita 100, na kimo cha mahali pa kupitia maji ni nusu mita, basi bwawa na bwawa yaachane mita 10. Kamba na pima maji ya mwashi zatosha kwa kazi hii.

5. Panda mkonge au nyasi za mahali pale kwenye kingo, na majani ya napia chini penye unyevu. Utapata ulinzi wa udongo na chakula cha ng'ombe pia.

6. Kama mifugo bado yapita, iacheni ipite, lakini shaurianeni na majirani kubadilisha njia kwa zamu, upande mmoja upumzike uote nyasi.

7. Fanyeni kazi pamoja toka juu kwenda chini. Mtu mmoja akitengeneza na wa juu yake akaacha, kazi itabomolewa kwa mvua moja.

Iko pia habari ya sheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, yataja haki za njia na za maji zilizokuwapo wakati wa usajili wa kwanza chini ya sheria hiyo kuwa zinaifuata ardhi, hata kama hazikuandikwa katika daftari. Kwa hiyo kusema "hati yangu haina njia" si mwisho wa maneno. Kabla ya kununua, tembea katika kiwanja, uliza majirani, na utazame ramani ya usajili. Na ukichimba ukapata vigae, shanga au mawe yaliyochongwa, usivitawanye. Toa habari kwa Makumbusho ya Taifa, kama sheria ya urithi ya mwaka 2006 inavyotaka.

MWISHO WA HABARI YA NKOROI

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 tulikutana watu sita chini ya mti: yule bwana mwenye kiwanja, yule mama mzee, majirani wawili, mzee wa kijiji, na mimi. Nilisema mbele ya wote ya kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, maana nilitoa shauri bila kwenda kutazama. Tuliondoa maramu kwa mikono muda wa siku tano, tukajenga mabwawa manne ya mawe. Yule bwana amepoteza nafasi ya hatua nne katika robo ekari yake, na jambo hilo bado lamwuma, kwa kuwa aliyemuuzia hakumwambia kitu. Sikumlaumu. Kwa mtu aliyenunua kwa akiba ya miaka kumi, hatua nne si kitu kidogo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, maji yalipita njia ya ng'ombe, polepole, yakaacha udongo nyuma ya kila bwawa. Mama amejenga jiko jingine. Nilimpelekea kuku wawili. Alipokea mmoja, akasema wa pili nikale na watoto wangu, na siku nyingine mtu akiniuliza habari ya ardhi, nivae viatu kwanza.

Ndugu mkulima, nami nakuachia shauri hilo hilo. Vaa viatu, ukatazame.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza jinsi kwato na maji vinavyosaidiana kuzamisha njia.
2. Taja tofauti moja baina ya njia ya ng'ombe na mtaro uliochimbwa.
3. Njia yashuka mita 4 katika kila mita 100. Kimo cha mahali pa kupitia maji ni nusu mita. Bwawa na bwawa yaachane mita ngapi?
4. Katika shamba lako au la jirani yako, je, iko njia iliyozama? Yatoka wapi, na yaenda wapi?

Jibu la swali la tatu ni mita 12 na nusu. Jibu la swali la nne halimo katika gazeti hili.